Kamba ya Siku Saba

Paukwa!

— Pakawa!

Nasema paukwa, nanyi mlioko mlangoni niwasikie!

— Pakawa!

Ndivyo. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kiu anywe sasa, kwa maana ngano hii haipendi kukatwa katikati.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji katika nchi ya mawe. Mawe mbele, mawe nyuma, mawe kushoto na kulia, na kati ya mawe vishimo vya udongo kama vikombe. Penye udongo watu walipanda mtama. Na nyuma ya mawe palikuwa na msitu, na msituni palikuwa na nguruwe. Nguruwe wale hawakushika jembe hata siku moja, lakini walivuna kuliko wakulima wote.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, kijiji kizima kilijenga wigo mmoja. Miti, miiba na mawe. Ko! Ko! Ko! Kila nyumba na kipande chake. Konde lililokuwa ndani ya wigo lilimlisha mwenyewe mwaka mzima. Konde lililobaki nje lililisha nguruwe wiki moja, na wiki ya pili palibaki matope. Na kwa kuwa udongo wa mawe huchoka upesi, wigo ulihamahama, na swali lilirudi mwaka kwa mwaka: mwaka huu wigo upite wapi?

Walioamua walikuwa wazee wanne. Mkubwa wao alikuwa Sheha Mwinyikondo, mtu wa sauti nene na kilemba kirefu. Na mpimaji wao alikuwa Mzee Mtumweni. Huyu ndiye mwenye ngano. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kutembea akihesabu hatua hata alipokuwa akienda kuoga. Wazee wetu waliposema, “Pima kama Mtumweni,” yeye ndiye waliyemkumbuka.

Wazee wanne walikaa kwanza peke yao. Wakapanga, wakapangua, wakapanga tena. Walipomaliza, mbiu ilipulizwa, buu! buu! buu!, na watu wakakusanyika uwanjani. Sheha akasimama, akaeleza lililopangwa, kisha akauliza kama ilivyokuwa desturi.

— Mmeridhika?

— Tumeridhika!

— Nasema, mmeridhika?

— Tumeridhika!

— Kwa mara ya tatu, mmeridhika?

— Tumeridhika!

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo pana kosa, na kosa lenyewe lilivaa nguo nzuri. Katika kijiji kile, kumkatalia mkubwa mbele za watu ilikuwa aibu iliyomfuata mtu hadi kwa wajukuu. Mtu alipoulizwa, “Hujambo?” alisema, “Sijambo,” hata kama homa imemlaza siku tatu. Na alipoulizwa, “Mmeridhika?” alisema, “Tumeridhika,” kwa ulimi ule ule wa maamkizi. Ilikuwa adabu. Haikuwa jawabu. Lakini wazee wanne, miaka nenda miaka rudi, waliipokea adabu wakadhani wamepokea jawabu, nao wakarudi makwao wameridhika.

Mwaka ninaousimulia, moto uliunguza msitu wa upande wa machweo, na miti ikawa haba. Mzee Mtumweni akapima, akahesabu, akasema, “Miti tuliyo nayo inatosha wigo wa hatua elfu mbili. Haiongezeki hata kumi.” Akachukua fimbo yake, akachora wigo juu ya mchanga wa uwanja. Mstari wa juu umenyooka. Mstari wa chini umenyooka. Ukitazama pale mchangani, ulikuwa mzuri kama mkeka uliokatwa kingo.

Mbiu ikalia. Sheha akauliza mara tatu. Watu wakajibu mara tatu. Kazi ikapangwa ianze mwezi utakapoandama, siku kumi mbele.

Mpo?

— Tupo!

Siku ya pili, alasiri, Mzee Mtumweni alikuwa akishuka upande wa chini kutazama miti. Akasikia kinu.

Tu! Tu! Tu!

Akasimama. Kinu, msimu huu? Ghala zote zilikuwa tupu. Kijiji kizima kilikuwa kikila muhogo mkavu, na mtama uliobaki ulikuwa mbegu tu, umefungwa darini juu ya moshi.

Tu! Tu! Tu! Na juu ya mchi, sauti ya mwanamke akiwaimbia watoto:

Twanga mchi, lia kinu,
mbegu haiendi chini;
wenye wigo ni wenzenu,
sisi tule, tungojeni?

Ilikuwa sauti ya Bi Mize, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Konde lake lilikuwa pale chini kabisa, dogo, lakini mkono ulizama udongoni hadi kiwiko. Yeye na marehemu mumewe walilitoa mawe miaka saba, jiwe kwa jiwe.

— Hodi, Mize.

— Karibu, baba. Shikamoo.

— Marahaba. Unatwanga nini?

— Mtama, baba.

— Mtama! Sheha mwenyewe anatafuna muhogo. Umeupata wapi?

Mize akaushika mchi, akatazama ndani ya kinu.

— Ni mbegu, baba.

— Mbegu? Unakula mbegu?

— Nikaipande wapi? Konde limebaki nje. Nikiipanda, nitakuwa nimewapikia nguruwe. Basi nimeona niwapikie hawa.

Mzee Mtumweni akakaa juu ya jiwe. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

— Lakini Mize, jana uwanjani uliulizwa.

— Niliulizwa, baba.

— Mara tatu.

— Mara tatu, baba.

— Ukajibu nini?

— Nilijibu kama walivyojibu watu.

— Na moyoni?

— Baba, pale uwanjani moyo haukuulizwa.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Na neno lililosemwa hivyo humwingia mtu zaidi ya tusi.

Mzee akauliza:

— Mbegu imebaki kiasi gani?

— Vibaba viwili. Viwili vingine vimo kinuni.

— Hivyo viwili vilivyobaki usiviguse. Nipe siku saba. Muhogo wa kuwalisha watoto siku saba utatoka kwangu.

Akaenda zake. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, Bi Kazija, apeleke muhogo kwa Mize. Bi Kazija akamtazama toka kofia hadi kidole cha mguu.

— Muhogo wa nani huo ulioahidiwa?

— Wetu.

— Wetu! Naona mimi ndiye wa mwisho kupata habari zetu.

Lakini akapeleka, na wala hakupima kwa kibaba, alijaza pakacha.

Asubuhi yake wazee wanne wakakutana. Mzee Mtumweni akasimama, akaanguka na kusimama tena katika maneno yake, kwa maana kukiri kosa mbele ya wenzako si kazi ya ulimi laini.

— Ule mstari niliuchora mimi, akasema. Pale mchangani, konde la Mize lilikuwa na upana wa kidole changu. Nililifuta kwa kidole, nikadhani nimeokoa miti. Sasa yule mama anatwanga mbegu.

Sheha Mwinyikondo akakunja uso.

— Watu waliulizwa, wakaridhika. Mize naye alikuwepo. Leo tukirudi nyuma, kesho nani atatusikiliza?

— Sheha, hivi nikikuuliza hujambo, utasema nini?

— Nitasema sijambo.

— Na goti lako?

Sheha akalifunika goti kwa kanzu. Goti lake lilikuwa limevimba tangu Ijumaa, na wote walijua.

— Basi, akasema Mtumweni, hivyo ndivyo tulivyojibiwa. Sisemi wigo umekosewa wote. Nasema hatujui. Tujenge kwanza wigo ambao haukati mti hata mmoja.

— Wigo gani huo? Wa moshi?

— Wa kamba.

Wakacheka, kisha wakaona hacheki.

Hivi ndivyo alivyotaka. Kila nyumba itoe kamba zake za makumbi ya nazi. Kamba zifungwe moja kwa nyingine, zizungushwe pale pale ulipochorwa wigo. Kwa siku saba, kila mtu aishi kana kwamba ile kamba ni wigo wenyewe: asivuke ila mlangoni, mkubwa na mdogo, mwenye mzigo na asiye na mzigo. Na yeyote atakayeumizwa na kamba, asije barazani kusema. Afunge ukuti mmoja pale panapomwumiza, kisha aende zake.

— Siku saba! akasema Sheha. Na masika je?

— Masika bado wiki tatu kufika. Tukijenga vibaya tutakuwa na mwaka mzima wa kujuta.

Sheha akavuta pumzi. Akasema, “Haya. Lakini kamba ikikatika, wewe utaiunga.”

Kamba zikatoka. Kamba za kufungia ng'ombe, kamba za vitanda, kamba za kutekea maji, ndefu na fupi, mpya na kuukuu. Usiku ule watu wawili watatu walilala chini kwa kukosa vitanda. Kamba ikazunguka kijiji na makonde, ikapanda kwenye mawe, ikashuka mabondeni.

Siku ya kwanza, watu walicheka. Siku ya pili, walinuna. Siku ya tatu, ukuti wa kwanza ukaonekana, ukipeperuka kidogo, frr, frr, kama mtu anayeona haya kuita.

Siku ya nne, Sheha mwenyewe, kwa mazoea, aliinua kanzu akavuka kamba kwenda kujisaidia vichakani. Bibi mmoja kizee aliyekuwa akichambua mchicha akainua kichwa.

— Sheha! Umekuwa nguruwe?

Watu wakaficha nyuso zao kwa kanga. Sheha akarudi, akavuka tena kwa kuingia, akazunguka hadi mlangoni, hatua mia nne na ushee, na goti lake likimlilia njia nzima. Jioni ile kulikuwa na ukuti mpya pale vichakani, na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Siku ya saba ikatimia. Wazee wanne wakaifuata kamba tangu jua lilipochomoza, na watu wakawafuata nyuma, wanaume kwa wanawake. Makuti yalikuwa ishirini na tatu. Mzee Mtumweni aliyahesabu, na kila alipohesabu alizidi kuinama. Kulikuwa na ukuti kwenye njia ya kisima. Kulikuwa na ukuti kwenye njia ya tanuri la chokaa. Kulikuwa na makuti matatu pamoja palipozikwa watoto wachanga, ambapo hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amepakumbuka, kwa maana wanaokwenda pale ni mama zao.

Lakini kitu kimoja kilimtia Mtumweni baridi. Walifika chini, mahali kamba ilipolikata konde la Mize na kulitupa nje. Pale hapakuwa na ukuti. Kamba ilikuwa tupu.

— Mnaona? akasema Sheha. Mwenye konde hana neno.

Mtumweni akamwita Bi Mize kutoka katikati ya wanawake.

— Mize, mbona hukufunga?

— Baba, nilidhani wanaofunga ni walio ndani. Mimi kamba imeshaniacha.

Jamani, mmesikia?

— Tumesikia!

Walimwuliza aliye ndani jinsi ndani kulivyo, na aliye nje akajiona hata kuulizwa hakumhusu. Mzee Mtumweni akaivuka ile kamba mchana kweupe mbele za watu wote, akaenda kusimama ndani ya konde la Mize, miguu yake ikizama katika udongo laini.

— Njooni hapa, akawaambia wazee wenzake. Hapa uwanja si wetu. Hapa sisi ni wageni.

Sasa katika kijiji kile kulikuwa na desturi nyingine, ya zamani kuliko Sheha na kilemba chake. Mtu akiwa kwake, ndiye anayeanza kusema, na mgeni hungoja, hata awe mkubwa namna gani. Uwanjani, wenyeji walikuwa wazee wanne. Ndiyo maana walisema na watu wakaitikia. Lakini kondeni kwa mtu, mwenyeji ni mwenye konde, na mzee ni mgeni tu mwenye mvi. Mtumweni hakuivunja adabu ya watu wake. Aliihamisha mahali pa kukaa.

Wazee wanne wakaingia, wakasimama, wakangoja. Ikawa aibu kwa Bi Mize kuwaacha wageni kondeni pake bila neno. Akainama, akachota udongo, akaushika kiganjani.

— Karibuni, akasema. Udongo huu mnauona. Tuliutoa mawe miaka saba. Unanipa magunia manne, na hayo ndiyo mwaka wangu na wa hawa watoto. Ukibaki nje, nitakwenda kwa dada yangu ng'ambo nikawe mtu wa kula kwa watu. Sikusema uwanjani kwa sababu sikuzoea. Nasema hapa kwa sababu ni kwangu. Konde hili lina urefu wa hatua ishirini kutoka kwenye kamba. Naomba liingie ndani.

Mtumweni akahesabu haraka. Wigo utoke hatua ishirini, ulizunguke konde, urudi hatua ishirini. Ni hatua arubaini zaidi, na miti haina hata kumi ya ziada. Akatazama chini. Kisha akanyoosha mgongo kama mtu aliyekwisha kuamua kufa shujaa.

— Nimekosa mimi, nilipe mimi. Konde langu lililoko juu litolewe nje ya wigo, na la Mize liingie. Nimemaliza.

Watu wakaguna kwa mshangao. Wengine wakafuta machozi. Neno zuri! Neno la kiume! Katikati ya kumtukuza kule ikasikika sauti kavu.

— Konde lako?

Alikuwa Bi Kazija, mkewe. Amejifunga kanga kiunoni, na kikapu cha mihogo kichwani.

— Konde lako tangu lini, Mtumweni? Nani anaamka kulilima? Wewe ukilifika unahesabu hatua na kurudi. Haya, twendeni huko juu, kwa sababu huku chini mimi ni mgeni na sina ruhusa ya kusema.

Kicheko kikapasuka, kwaa! Wakapanda wote, wazee mbele na kijiji nyuma, hadi upande wa juu, konde la Bi Kazija lililokuwa katikati ya makonde mengine saba. Akatua kikapu. Akasimama juu ya jiwe lake.

— Karibuni kwangu, wazee. Sasa nisikieni. Mume wangu ametoa konde zima ili kuokoa miti. Mimi hubeba hiyo miti kila mwaka, kwa hiyo nimezoea kuihesabu kwa mgongo. Konde hili liko katikati. Mkilitoa peke yake, wigo utakuja mpaka hapa, utaingia ndani kulikwepa, utapita nyuma yake, utatoka tena mpaka pale. Miti imepungua?

Mtumweni akafumba macho, akahesabu. Midomo yake ikatikisika. Kisha uso wake ukaiva kama embe bivu.

— Haijapungua, akasema kwa sauti ndogo. Imeongezeka.

— Alaa! Basi tungelala njaa sisi, na Mize angelala njaa vilevile, na wewe ungepata sifa.

— Kazija, mke wangu…

— Ngoja, sijamaliza, niko kwangu. Makonde ya juu huku ni manane. Yote yana ukanda wa mwisho wa mawe matupu, hatua ishirini, panapoota mtama wa kulishia njiwa. Wigo wote wa juu ukishuka hatua ishirini, upande huu wa mashariki zinapungua ishirini, na upande ule wa magharibi zinapungua ishirini. Hizo ndizo arubaini za Mize. Kila mmoja wa wanane atapoteza kidogo. Hakuna atakayepoteza mwaka. Lakini msiniulize mimi juu ya makonde ya watu. Kaulizeni wenyewe, huko huko kwao.

Wakaenda konde kwa konde. Hawakuuliza mara tatu. Waliuliza mara moja, na wakangoja. Mmoja alikubali upesi. Mmoja aliomba asaidiwe kuhamisha mawe. Ngwali, mchoma chokaa, mtu wa mdomo mrefu, akashika kiuno.

— Ukanda wangu mnaupata, wazee, lakini nami nisikieni. Kamba imekata njia yangu ya tanuri. Siku hizi saba nimezunguka na magogo kichwani mpaka shingo imeingia kifuani. Nitazameni! Mke wangu ananiuliza mimi ni nani. Nipeni mlango pale.

— Mlango mwembamba, akasema Mtumweni.

— Upana wa mimi na gogo langu, sitaki zaidi.

Akapewa. Wakafika saba, wote wamesema lao, wote wamekubali kwa namna yao. Konde la nane lilikuwa la Sheha Mwinyikondo.

Sheha akasimama kwake. Kijiji kizima kikamtazama. Ukanda wake wa juu alikuwa ameupanda ufuta, kidogo kidogo kati ya mawe, kazi ya mikono yake mwenyewe, na hilo wengi hawakulijua. Akafungua kinywa. Ingekuwa rahisi kusema “nimeridhika” mbele ya umati ule. Akafunga kinywa. Akafungua tena.

— Mimi, akasema, bado.

Bado! Sheha amesema bado! Watu wakatazamana. Neno lile halikuwa limewahi kusikika mbele za watu tangu kijiji kilipoanza, na sasa limetoka katika kinywa cha mkubwa wao. Mtumweni akainamisha kichwa kwa heshima.

— Tumekusikia, Sheha. Tunangoja.

Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemsema. Bi Mize akarudi kwake na vibaba vyake viwili vya mbegu, akavitundika darini, na siku ile hakutwanga.

Asubuhi ya pili watu walipoamka, walimkuta Sheha peke yake kule juu, akichechemea, ameivuta kamba ya konde lake chini hatua ishirini, ameifunga kwenye jiwe. Ufuta wake ulikuwa umeng'olewa kwa mizizi, umepangwa vizuri kwenye pakacha kwenda kupandwa kwingine.

— Jana ningesema ndiyo, akasema, isingekuwa yangu. Leo ni yangu. Leteni miti.

Ko! Ko! Ko! Wigo ukajengwa. Ukapinda huku, ukavimba kule, una milango mitano badala ya miwili, na ukiutazama kutoka juu haukuwa mzuri hata kidogo. Lakini tangu kijiji kile kianze kujenga, hapakuwahi kuwa na wigo uliolindwa kama ule. Kila nyumba iliujua mahali ulipopita na sababu ya kupita pale. Mti ulipolegea, aliyepita wa kwanza aliukaza, awe wake au si wake. Masika yakaja. Mbegu ya Mize ikaenda chini, vibaba viwili tu, na pale ilipopungua majirani walimtilia konzi moja moja. Magunia hayakufika manne. Yalikuwa matatu na kikapu. Yakatosha, naye hakuvuka kwenda ng'ambo.

Makuti mengine je, mnaniuliza? Si yote yaliyopata dawa. Njia ya kisima ilibaki ndefu mwaka ule, kwa maana mawe hayakuruhusu, na wenye makuti yale waliambiwa hivyo usoni, pale pale kisimani, na sababu yake. Walinung'unika. Lakini walinung'unikia mawe.

Habari zikatembea. Mwaka wa pili wakaja wazee wa kijiji cha jirani, watu watatu wenye kanzu safi na viatu vya ngozi. Wakamkuta Mzee Mtumweni barazani kwake.

— Mzee, tumesikia kwako watu wanajenga bila kusukumwa. Tufundishe namna ya kuwauliza watu.

Mzee Mtumweni akacheka mpaka akakohoa.

— Mmekosea mlango, akasema. Mimi nimekaa katika nyumba hii miaka arubaini, na mwenye nyumba nimemwuliza kwa mara ya kwanza mwaka jana. Yuko kondeni. Mfuateni huko huko, wala msimwite hapa.

Wageni wakatazamana. Kisha wakavua viatu vyao, wakaviacha barazani, wakapanda mawe pekupeku kwenda kumsikiliza Bi Kazija.

Basi enyi mlioketi, na hasa ninyi ambao kesho mtashika fimbo za kupimia: anayewapangia watu asiridhike na sauti ya umati unaoitikia. Aende kwa mmoja mmoja, mahali anapolima na mahali anapoteka, asimame kama mgeni na angoje aambiwe. Na aanze kwa yule aliye nje ya kamba, kwa maana huyo hatakuja mwenyewe. Kisha, kabla ya kutoa kwa ukarimu, arudi nyumbani akaulize ni mali ya nani.

Ngano yangu naitua hapa, mzigo umefika. Aliyeipokea aibebe taratibu. Aliyekuwa amelala, mwenzake atamsimulia.